Mistari ya Sasa ya Noreen

Jino la Josie lilikuwa limerudi.

Lilikuwa jino la mbele, lile lililong'oka Jumapili na Noreen akalihifadhi kwenye kikombe kabatini. Sasa lilikuwa kinywani mwa mtoto, limekaa imara, na kikombe kilikuwa kitupu. Noreen alikuwa mwalimu wa fizikia chuoni, mwanamke asiyeamini hata nyota za magazetini. Alilisukuma jino kwa kidole, akacheka kicheko cha kulazimisha, akamwachia yaya mtoto na kwenda kazini.

Aliondoka kwa fujo kama kawaida yake. Akishaliingiza gari barabara kuu hukanyaga mafuta mpaka theluji inatimka nyuma. Jirani yake Wendell humwita Mama Mbio.

Nyumba yenyewe ilikuwa pacha. Upande mmoja alikaa Noreen na Josie. Upande wa pili, ukuta kwa ukuta, alikaa Wendell, mwalimu mwenzake, aliyemzika mkewe Lorna mwezi wa nne. Lorna na Wendell hawakujaliwa mtoto. Noreen alipomchukua Josie awe mwanawe, mtoto akiwa na miaka mitano, Wendell ndiye aliyesimama mahakamani kumtolea ushahidi. Sasa Josie alikuwa na miaka tisa, au ndivyo ilivyopasa.

Wiki ile akasahau kuendesha baiskeli. Mikono ya sweta ikamfunika vidole. Kutoka ukutani ikaja harufu ya chaki iliyoungua, na mwanamke akawa anaimba puani kule kwa Wendell, ambako hakukuwa na mtu, maana Wendell alikuwa akilala ofisini, akisema hawezi kukiangalia kitanda cha marehemu.

Kisha, asubuhi ya Ijumaa, Josie alisimama mlangoni mwa jikoni, amejikunyata kama wiki ile ya kwanza alipoletwa.

"Bi Noreen," alisema, "naomba maji."

Noreen aliendesha gari kama aliyefukuzwa. Alikimbilia kwa mtu pekee aliyemwamini. Wendell hakuwapo ofisini, lakini ubao wake ulikuwapo, na juu yake neno USIFUTE. Katika idara yao neno hilo huheshimiwa. Hata mfagiaji hagusi. Kwa miezi Noreen alikuwa akipita mbele ya ubao ule bila kuusoma. Siku hiyo aliusoma.

Lilikuwapo jina lake. Ni utani wao wa siku zote: mtazamaji katika mchoro wa mwendo na wakati hupewa jina la mtu wanayemfahamu. NOREEN alikuwa akiongeza kasi, na mistari yake ya "sasa", ile inayounganisha yote yanayotokea kwake kwa wakati mmoja, ikiinama, kila mmoja zaidi ya uliotangulia, mpaka yote ikakutana mahali pamoja nyuma yake. Mwanafunzi yeyote hufundishwa kukomea hapo. Ng'ambo ya makutano, kadiri msafiri anavyosonga mbele ndivyo hesabu ya wakati inavyorudi nyuma, na hakuna mwenye haki ya kuiita ile "sasa". Wendell alikuwa ameivusha yote, kwa chaki nzito, mpaka kwenye mraba mdogo. Mraba ule ulikuwa nyumba yao. Kila Noreen alipokanyaga mafuta, wakati wa nyumbani ulirudi nyuma.

"Usiseme kwa sauti," Wendell alinong'ona mlangoni. "Linasikia."

"Nini kinasikia?"

"Jini la ng'ambo. Liliniambia likipata njia litamrudisha Lorna. Likataka jina la mtu anayeondoka nyumbani kwa kasi. Mimi natembea kwa miguu, Noreen."

"Ukaandika langu."

"Nilidhani Josie atapungua kidogo tu."

"Kidogo! Mwanangu ananiita Bi! Wewe ulikuwa shahidi wangu, bwana. Tangu msiba unakula kwangu kila Jumapili!"

Hilo ndilo lililomchoma kuliko jini lenyewe. Rafiki gani huyu, jamani?

Nyuma ya ubao kitu kiligonga, taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Wendell alianza kulia. Akachukua kifutio.

"Nenda kwa mtoto," alisema. "Nitaikata mistari kwenye makutano. Naapa."

Mgongo wake mpana uliziba ubao. Noreen aliona jina lake likifutika, harufu ya chaki iliyoungua, iliyojaa hata humo ofisini, ikapungua, akaamini, maana hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Alikuwa katikati ya njia simu ilipolia.

"Mama! Jino limeng'oka tena!"

Noreen aliegesha gari pembeni, akalia kwa furaha. "Mama" lile tu lilimtosha.

"Anti Lorna amelivuta," Josie akanong'ona. "Mikono yake baridi, mama. Amemwambia yaya aende zake. Mjomba Wendell amepiga simu. Anasema jina langu liko ubaoni sasa. Tuko garini mwa Anti. Anataka twende naye, mbio sana."

"Josie, shuka garini! Shuka!"

Injini ilinguruma simuni, na Noreen akaelewa kwamba Wendell alifuta jina tu na hakukata mstari hata mmoja, kwamba sasa msafiri alikuwa Josie na aliyeachwa nyuma ng'ambo ya makutano, ambaye miaka yake ingerudi, alikuwa yeye, na alipogeuka kuikamata kofia ya sufi ya Josie iliyokuwa kwenye kiti cha nyuma ikawa haipo, na kiti kidogo cha mtoto hakipo, na harufu ya chaki iliyoungua ikajaa garini mpaka machozi yakamtoka bila yeye kukumbuka yanatoka kwa nini.

"Mama! Mama!" simu ilipiga kelele.

Noreen aliitazama, akaiweka sikioni.

"Pole, mtoto mzuri," alisema. "Unamtafuta nani?"