Vipande Vilivyoanuliwa

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kumvua sare mdogo wake kabla hajaigaragaza matopeni, na kuanua nguo kabla ya mvua. Jina la Chiriku alibandikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini Ijumaa hiyo alisimama uani akitazama mawingu meusi, kimya.

Yote yalianza miezi mitatu na ushee nyuma. Juu ya ukuta, karibu na kamba ya nguo, palikuwa na vipande vya mbao ambavyo havikupasuliwa kwenye mti wowote. Mama yake alivitengeneza karakanani kwake, ng'ambo ya barabara. Aliyeyusha chupa kuukuu za plastiki, akazichanganya na vumbi la mbao, akashindilia mchanganyiko huo kwenye kalibu ya chuma.

"Viweke ukutani, vikae miezi mitatu," mama alikuwa amemwambia. "Vikimaliza salama, tutajenga daraja la mtaro wa shule."

Mvua ya kwanza ilipoanza kudondoka, Chiriku alitoka mbio kama kawaida yake. Akaanua nguo, na vipande akavianua pia. Nyumbani kwao ukiacha kitu kilowe, utasemwa mpaka ulale. Jua liliporudi, akavirudisha ukutani. Alifanya hivyo kila mvua, akijiona mtoto mwema kweli kweli.

Miezi mitatu ikaisha. Mama akaviingiza vipande sebuleni mbele ya wageni. "Mvua yote ile, na havijavimba hata unywele!"

Watu wakashangilia. Redio, jirani ambaye Chiriku alimwita shangazi na ambaye habari hazilali kwake, alitoka hata chai hajaimaliza, kwenda kuutangazia mtaa. Hapo ndipo Chiriku alipoelewa alichofanya. Akafumbua mdomo, akaona jinsi mama anavyocheka, akaufumba.

Mjomba wake, seremala, akajenga daraja kwa mbao za aina ile ile. Wiki nzima likanyeshewa. Chiriku naye, kwa siri, akatumbukiza kipande kimoja kilichobaki kwenye ndoo ya maji nyuma ya bafu.

Sasa, Ijumaa hiyo, akakitoa. Kilikuwa kimevimba kama mkate ulioangukia kwenye chai. Aliposhika ukingo, ukamong'onyoka vidoleni.

"Dada!" Mdogo wake alimjia nyuma, akamgutusha. "Mwalimu kasema Jumatatu mimi ndiye wa kwanza kuvuka! Nikifika katikati nitaruka, puu!"

 Mtaro ule ulimpita mtu mzima kwa kina, na maji yake, mvua ikinyesha, yalinguruma kama lori.

Sebuleni watu walijaa kama kawaida: mama, mjomba, Redio na majirani wengine wawili, vikombe mkononi.

"Leo Chiriku kanyamaza," Redio alisema. "Jamani, mpimeni homa!"

Wakacheka. Chiriku hakucheka. Aliweka kile kipande chenye maji juu ya meza, katikati ya vikombe.

"Mama, havikunyeshewa," alisema. "Hata siku moja. Nilikuwa navianua pamoja na nguo. Nilipojua ni kosa, nikaogopa."

 Mama alikichukua kipande, akakikunja kwa mikono miwili. Kikakatika bila hata kulia.

"Kaka," alimwambia mjomba, sauti yake imekauka. "Kamba. Haraka."

Wote walitoka, hata Redio, akiwa bado na ndala za wageni miguuni. Walifika mtaroni mvua ikianza. Mjomba alikanyaga ubao wa kwanza kwa mguu mmoja tu, huku ameshikwa mkono. Ubao ukabonyea, ukapasuka. Kipande kikaanguka, maji yakakimeza. Chiriku alimshika mdogo wake kwa nguvu mpaka mtoto akalia, "Unaniumiza!"

Wakafunga daraja kwa kamba pande zote mbili, na mjomba akaenda kumweleza mwalimu mkuu.

Njiani kurudi, Chiriku alingoja kugombezwa. 

"Mimi nami nilikosa," mama akasema. "Nilikuagiza bila kukueleza sababu. Lakini ulipojua, ulinyamaza."

"Nilikuona umefurahi, mama."

"Mwanangu, furaha ile ingemzamisha mdogo wako. Kazi yangu ikiwa mbovu, niambie nitengeneze. Anayenificha ubaya wa kazi yangu ananiachia niutambue siku mtu akishaumia."

Mama alipunguza vumbi la mbao, akaongeza plastiki, akaziba na ncha zilizokatwa, maji yasipate mlango. Vipande vipya vikapanda ukutani kwa miezi mingine mitatu.

Mvua ya kwanza iliponguruma, Redio alipaza sauti kutoka dirishani kwake: "Chiriku! Vitu vyako vinalowa huku!"

Chiriku akatoka mbio, akaanua nguo zote. Mkono wake ukafika ukutani, ukasita, ukarudi.

"Viache vilowe, shangazi!" akajibu. "Na uwatangazie watu!"