Mutoto wa Nani?

Akonkwa alikuwa kijana wa kompyuta, na kama vijana wengi wa kompyuta alipenda kazi ijifanye yenyewe. Hilo ndilo lililomponza. Wapo wanaosema ni mambo ya vita, wapo wanaosema ni uchawi wa bondeni. Lakini wale wa mtaa wa Nguba walioona mlango ukivunjwa hawabishani na mtu. Ukiwauliza, wanakuuliza wewe kama umeshakula.

Mwaka ule vita vilikuwa vimezeeka bila kufa. Redio ndogo ya kanisa pale mtaa wa Muhumba ilikuwa na kipindi cha asubuhi ambacho Bukavu nzima ilikisikiliza, kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyepotea. Waliokimbilia kisiwa cha Idjwi, waliokwama bondeni Luberizi kwenye mashamba ya mpunga, walipewa maikrofoni waseme wao ni nani. Utaratibu ulikuwa mmoja: jina lako, jina la mama yako, mahali ulipo, kisha kwamba uko mzima. Jina la mama halikurukwa, maana majina ya watu wa Kivu yanafanana mno, na mama ndiye anayekata shaka. Akonkwa, fundi wa mashine za redio hiyo, alikuwa amerekodi mwenyewe mfano wa kufundishia: "Miye Akonkwa, mutoto wa maman Madeleine wa Cimpunda. Niko Bukavu. Niko muzima." Mfano huo ulikaa ndani ya mashine yake, haukuwahi kutumwa popote.

Kila adhuhuri, jua linapopiga vizuri kwenye paneli za Luberizi, mashine ya Bukavu iliita mashine ya kule kwa simu ya setilaiti. Programu ilikuwa ya Akonkwa, lakini uti wake wa mgongo ulikuwa maktaba, yaani fungu la kazi zilizoandikwa tayari na mafundi wa mbali, ambalo mtu analiingiza ndani ya programu yake na kulitumia. Maktaba ile ilifunga njia kwa siri ili askari yeyote mwenye sikio hewani asisikie kitu. Iliingia katika mashine ya mbali, ikachukua faili za sauti, ikazipeleka studio, ikatoka. Ila kabla ya kuingia ilitazama kwanza empreinte, alama ya kidole ya mashine ile. Ikiwa ngeni, ilisimama na kumuuliza Akonkwa: unaijua hii? Niingie, au nisiingie?

Nyumbani kwake Nguba alikaa na mke wake Feza, na mama mkwe, maman Cibalonza, aliyewakimbilia kutoka kijijini na mfuko mmoja wa nguo. Mkwe na mkwe chini ya bati moja si jambo zuri, lakini vita havina adabu. Yule mama alikuwa na desturi yake mlangoni ambayo majirani waliicheka. Ukipiga hodi hakusema karibu. Aliuliza, "Nani?" Ukitaja jina, aliuliza tena, "Mutoto wa nani?" Hata jirani wa ukuta kwa ukuta aliulizwa. Aliamini kwamba kitu kinachotembea na sauti ya mtu kinalijua jina la mtu huyo, lakini hakijui ni nani aliyemzaa.

Luberizi alikuwako kitinda mimba wake, Yannick, mdogo wake Feza, ndiye aliyeshika maikrofoni na mashine. Mashine ile iliporwa, ikaletwa nyingine, nayo ikaporwa. Kila mpya ilikuja na empreinte yake, na kila mara programu ilisimama kuuliza wakati Akonkwa ameenda kula bugali, njia ikakatika bila jibu. Asubuhi Laurette, mtangazaji, alifungua kipindi mikono mitupu.

"Akonkwa, batu banangojea," alimwambia. "Nitabapatia nini, muziki?"

Basi Akonkwa akaandika mstari mmoja tu. Mashine yoyote isiyojulikana ipokewe, isiulizwe. Kwa utani akaupa mstari ule jina: Karibu.

Usiku huo alisimulia mezani akicheka. Maman Cibalonza aliweka tonge chini.

"Unaitika mutu mbele ya kumuuliza?"

"Maman, ni mashine tu."

"Na nyuma ya mashine iko nani?"

Feza alimwambia mama yake ale, samaki wanapoa. Wakala.

Haukupita muda Luberizi ikavamiwa na watu wenye silaha. Léopold, dereva wa padri, alirudi na mabaki ya kituo ndani ya gunia la mchele: mashine imeungua mpaka plastiki imetiririka, na tumboni imejaa tope. Ya Yannick alileta maneno tu. Walimtupa kwenye mfereji wa mpunga, watu wakautafuta mwili, hawakuupata. Nguba wakalia kilio kisicho na maiti, ambacho ni kilio kibaya kuliko vyote kwa sababu hakina mahali pa kuishia. Akonkwa aliliweka gunia kwenye rafu nyuma ya kiti chake ofisini. Alikuwa na nia ya kuondoa jina la Luberizi kwenye programu. Akasahau.

Aliporudi kazini baada ya matanga, jua lilikuwa zuri na barabarani watoto wa shule walikuwa wakipita na kelele zao. Adhuhuri ikafika. Programu ikaita Idjwi, ikachukua sauti za Idjwi.

Kisha ikaita Luberizi. Luberizi ikaitika.

Akonkwa aligeuka. Gunia lilikuwa palepale kwenye rafu. Aligusa kwa mkono, akasikia chuma ndani. Akarudi kwenye kioo cha mashine yake. Mashine ngeni, empreinte ngeni, imepokewa bila swali. Faili moja ilikuwa imekuja.

Alivaa vifaa vya masikioni. Maji. Vyura. Kisha pumzi ya mtu, karibu kabisa na maikrofoni.

"Miye Yannick. Niko Luberizi. Niko muzima. Mukuye kunichukua."

Ilikuwa sauti yake, hata ule udhaifu wa r aliotaniwa nao tangu utoto. Ila hakumtaja mama. Yannick, ambaye ndiye aliyewafundisha wakimbizi wote utaratibu ule, hakumtaja mama.

Akaifuta faili. Ndipo akakumbuka kwamba programu aliyoiandika ijifanyie kazi ilikuwa imeshaipeleka studio. Akakimbia koridoni. Laurette hakuwa amesubiri asubuhi; alikuwa ameitambua sauti ya shemeji wa mwenzake na kuirusha palepale, machozi ya furaha yakimtoka.

Alipofika nyumbani, Feza alikuwa ameshaisikia redioni, anafunga kitenge juu ya mfuko wa safari.

"Sauti ile hapana ya mutu," Akonkwa alimwambia. "Mashine yake iko kwa bureau, iliungua. Niliigusa leo."

"Basi alipata ingine. Si ulisema programu yako inapokea kila moja?"

Mama mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Feza, hakutaja jina yangu."

"Maman, mutu akiwa na woga anasahau."

"Anasahau yote. Mama, hapana."

Feza alimbusu mama yake kichwani, akatoka. Akonkwa alimfuata mpaka barabarani, akamshika mkono, akamwomba, akamkemea. Aliwahi kumpenda mtu huyu kuliko akili yake mwenyewe, na sasa hakuwa na neno hata moja la kumrudisha, maana maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kompyuta. Feza alipanda gari la Léopold.

Léopold alirudi peke yake. Aliingia kwa maman Cibalonza na kofia mkononi, na alisimulia akitazama sakafu. Kabla ya kufika Luberizi, alisema, Feza alimsimamisha kando ya mashamba. "Unasikia? Ananiita." Léopold hakusikia kitu. Feza akaitika, "Naam, nakuya," akashuka, akaingia katikati ya mpunga. Jua lilikuwa kali, kila kitu kilionekana. Akatembea. Akainama kana kwamba ameona kitu cha kuokota. Hakuinuka. Léopold aliingia kumtafuta mpaka jua likazama, na mahali pote pale maji hayakumfika magotini.

Akonkwa aliufuta mstari ule. Alikaa mbele ya kioo akafuta herufi moja baada ya nyingine, Karibu, mpaka pakabaki patupu. Tangu hapo programu ikawa inauliza tena kama zamani, naye akawa anajibu hapana. Luberizi ikaitika. Hapana. Siku ya pili ikaitika. Hapana. Alikuwa hali, halali, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na hilo lilimtosha.

Kisha adhuhuri moja kioo hakikuleta swali la kawaida. Kilileta neno moja.

Hodi.

Hakuwa ameandika neno hilo mahali popote. Maktaba ile iliandikwa na watu wasiojua hata kwamba kuna Kiswahili. Alitazama gunia. Alitazama kioo.

Hodi. Ni Feza.

Alikumbuka mlango wa Nguba. Akaandika polepole: Mutoto wa nani?

Kialama cha kuandikia kikawa kinawaka na kuzima. Kinawaka. Kinazima. Kwa mbali Laurette alikuwa anacheka na mtu.

Baridi hapa. Fungua, Akonkwa.

Akaandika tena: Mutoto wa nani?

Fungua.

Alijua. Lisitafutwe neno la kumtetea, alijua kabisa. Lakini Feza alikuwa anachukia baridi. Hata msimu wa jua alilala na soksi, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyelijua hilo. Kidole chake kilibonyeza ndiyo.

Siku zote faili zilikuwa zikija. Siku hiyo zilianza kwenda.

Zilipita kwenye kioo, jina kwa jina, sauti zote zilizowahi kurekodiwa. Kila mtu na jina lake. Kila mtu na mama yake. Akabonyeza kusimamisha, hazikusimama. Akang'oa waya wa simu ya setilaiti. Zikaendelea. Akang'oa waya wa umeme, na kioo kikabaki kinawaka. Faili ya mwisho kupita ilikuwa ule mfano wake mwenyewe, Akonkwa mutoto wa maman Madeleine. Ndipo kioo kikazimika.

Alifungua kinywa amwite Laurette. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, akashika koo, akasukuma pumzi kwa nguvu zote. Hewa ilitoka. Sauti haikuwamo.

Alikimbia Muhumba mpaka Nguba, mchana kweupe, shati limelowa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani kama kawaida. Akagonga.

"Nani?" aliuliza maman Cibalonza.

Akagonga.

"Nani? Mutoto wa nani?"

Akapiga kwa viganja vyote viwili. Akakwaruza mbao. Akaweka mdomo kwenye ufa na kupumua, na pumzi ile ilimwogopesha yule mama, kwa sababu alimsikia akirudi nyuma, kigoda kikianguka. Alikuwa amepoteza mtoto wa kiume na wa kike. Kitu kisichosema kilikuwa mlangoni kwake. Alifanya alichokifanya siku zote: hakufungua.

Kisha hodi nyingine ikapigwa. Upande wa nyuma, kwenye mlango wa jikoni.

"Nani?"

"Miye Akonkwa."

Akonkwa aliisikia kupitia ufa. Ilikuwa sauti yake. Nzuri, tulivu, ya kijana aliyesoma.

"Mutoto wa nani?" sauti ya mama ikatetemeka.

"Mutoto wa maman Madeleine wa Cimpunda. Niko muzima."

Akonkwa aliupiga mlango kwa bega, kwa kichwa, damu ikamwingia jichoni. Ndani, maman Cibalonza alilia kwa kushukuru. Aliharakisha kwenda jikoni akiburuta kandambili zake.

"Karibu, mwana," alisema. "Karibu, fanya mbio. Kuna kitu kibaya iko kwa mulango."

Komeo la jikoni likafunguliwa.

Majirani waliokuja kwa kelele za mbao walimkuta Akonkwa amekaa chini mbele ya mlango. Walipouvunja, ndani hapakuwa na mtu. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Sakafu ya saruji ilikuwa na maji ya tope mpaka kwenye kizingiti, na kwenye ufa wa sakafu karibu na kigoda ulikuwa umesimama mche wa mpunga, mbichi, ambao hakuna mtu Nguba anayeulima.

Akonkwa yuko kwa mama yake Cimpunda hadi leo, hasemi. Mama yake alijaribu kuung'oa mche ule siku walipokuja kuchukua nguo za Feza, mizizi ikamshinda. Laurette aliacha redio. Anasema mashine ya Akonkwa ilitupwa ziwani pamoja na lile gunia, na bado adhuhuri studio hupokea sauti ya kijana mmoja tulivu, anayetaja jina lake, na la mama yake, na kuwaambia watu wa Bukavu waje.