Moshi wa Shemasi

"Nani anavuta sigara kwa hiyo nyumba?" daktari aliuliza, akisikiliza kifua cha Emmy.

"Hakuna, daktari," Wakoli alijibu haraka. "Sisi ni watu wa kanisa. Mimi ni shemasi."

Fridah, mkewe, alimgeukia kwa hasira. Mtoto wa miaka miwili anahema kwa taabu, mara ya tatu mwezi huu wako kliniki hapa Kitale, na baba mzima anadanganya!

"Anavuta yeye," alisema. "Chumbani. Anafunga madirisha, anaziba mlango na kitambaa, ndio waumini wasisikie harufu. Mimi na mtoto ndio tunaumeza huo moshi."

"Fridah! Unaniaibisha?"

"Emmy amekosa pumzi, wewe unalia aibu?"

"Hata ukivuta nje, sumu inakufuata kwa nguo," daktari akamwambia Wakoli. "Dawa ni kuacha. Njoo tukusaidie."

Jioni hiyo Fridah alimbeba mtoto akaenda kwa mamake, kijijini Misikhu. Siku ya nne ujumbe wa Wakoli ukaingia: *Rudi. Pasta ameuliza, nimesema mama yako mgonjwa.*

Fridah akapiga simu papo hapo.

"Ati mama mgonjwa? Si huyu hapa anachuma mboga! Mwambie pasta ukweli."

"Watanitoa ushemasi, bana."

"Wakutoe! Mapafu ya Emmy nitayatoa wapi? Na mimi ni mjinga. Miaka mitatu nadanganya majirani ati ni moshi wa jiko. Nimechoka kukufichia."

Akakata.

Jumapili mchana Rispah, mke wa pasta, alipiga.

"Mume wako amesimama kanisani akasema yote. Ushemasi amejiondoa mwenyewe."

Fridah alilia, lakini hakufunga virago.

Jumamosi iliyofuata Wakoli akatokea langoni Misikhu. Emmy alimkimbilia. Fridah akamdaka mtoto.

"Umeacha?"

"Nilianza dawa za kuacha Jumatatu. Jana nilishindwa, nikavuta moja."

Angalau safari hii hakudanganya. Moyo wa Fridah ulilegea kidogo, kidogo tu.

"Basi vua hizo nguo, uoge. Nitakupatia za kaka yangu. Ndio umbebe."

"Nioge hapa? Kwa mama mkwe?" Macho yalimtoka. Tangu lini mkwe akaoga kwa wakwe zake?

"Hapa hapa. Ama urudi Kitale bila kumshika."

Wakoli alimtazama binti yake.

"Niletee ndoo," akasema.