Kifurushi cha Fundi Nazario

Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipotoka Muyinga na binti yangu Vumilia, mwenye miaka saba. Nilikuwa nimemfuata kwa bibi yake. Safari ya siku moja ilikula siku tano, maana breki za Probox yangu zilianza kupiga kelele nikaiingiza gereji.

Gereji zenyewe mnazijua. Hii ina matawi, moja Gitega, jingine Muyinga. Sakafu ya vigae, mafundi wenye ovaroli safi, kahawa ya bure. Siku tano nzima nakunywa kahawa yao! Jioni hiyo wakanipa ufunguo, wakasema wamenifungia pedi mpya za breki.

Zamani nilikuwa na fundi wangu, Nazario, jirani yetu wa mtaa wa Musinzira, Gitega, aliyetengenezea magari uani kwake. Alikuwa na desturi moja. Kila kifaa kibovu alichotoa alikifunga kwenye kitambaa, akakuwekea mkononi.

"Shika vitu yako," alikuwa akisema. "Mi siko mwizi."

Miezi miwili kabla ya safari hiyo, tawi la Gitega lilitoa pedi alizonifungia Nazario, likaniambia ni feki. Nikaamini ovaroli safi. Nilikwenda uani kwake nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Nilipayuka mpaka wanawake waliokuwa bombani wakaacha kuchota maji.

Aliuliza kitu kimoja tu.

"Zile walitoa, walikurudishia?"

Hawakunirudishia, wala sikuwa nimeziomba. Niligeuka nikaondoka. Tangu siku hiyo nilizunguka mtaa mzima nisipite mlangoni kwake. Nilisikia wateja wamemkimbia, na aliyewakimbiza ni mimi na mdomo wangu.

Sasa tulikuwa tumepita Karuzi, kwenye mteremko mrefu. Giza lilianza kuingia kwenye mikaratusi. Nikakanyaga breki...

Mguu ukazama mpaka chini.

Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nilivuta breki ya mkono, ikalia, harufu ya kuungua ikajaa ndani. Vumilia akaniita, "Papa?" Mbele yetu kona, na chini ya kona bonde.

Gari ikasimama.

Ilisimama papo hapo, kama imeshikwa kwa nyuma. Kimya. Halafu, chini ya gari, nikasikia... kwi... kwi... kwi. Spana inafungua nati.

Harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ikanipanda miguuni. Nilitaka kumbeba mtoto tukimbie, mwili ukakataa.

"Nani huko?" nikanong'ona.

Kwi... kwi.

Spana iliponyamaza, mtu alikuwa amesimama dirishani kwangu. Kofia ya sufu ninayoijua. Mkono ukaingia taratibu, umeshika kifurushi cha kitambaa.

"Shika vitu yako, Papa Vumilia."

Kilikuwa cha baridi. Nilijua neno ninalotakiwa kusema. Lilikuwa ulimini kabisa. Hofu ikatoa jingine.

"Umefikaje huku?"

Aliniangalia kama mtu aliyekuwa anangoja kitu akakikosa.

"Mutoto amechoka," akasema. "Enda naye polepole."

Akaondoka. Sikusikia hatua. Vumilia alikuwa amegandamiza uso kwenye kioo.

"Papa, mbona mzee Nazario hana viatu?"

Breki zilishika vizuri mpaka Gitega. Sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja uani kwa Nazario. Mkewe, Anisia, alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda cha kazi cha mumewe.

"Umechelewa, Papa Vumilia," alisema. "Tulimuzika juzi. Moyo ilisimama. Kila gari ikipita alikuwa anainua kichwa. Ananiuliza, 'Ni Eliud?'"

Eliud ni mimi. Nikampa kifurushi. Ndani mlikuwa na pedi zilizolika mpaka chuma, zile "mpya" za Muyinga. Anisia hakuziangalia. Alikuwa anakishikashika kitambaa.

"Hii ni mukono ya shati yake," alinong'ona. "Kifungo hiki nilishona mi mwenyewe, asubuhi ya kumuzika."

Kesho yake nilifungua gurudumu. Pedi zilizokuwemo zilikuwa na mikwaruzo miwili ya tupa, alama ya Nazario. Zilezile nilizomwitia mwizi.

Huu ni mwaka wa pili. Pedi ya breki huisha, ndiyo kazi yake. Hizi haziishi. Kila mwezi natoa gurudumu napima, hazijapungua hata kidogo. Nimemwomba msamaha kaburini mara nyingi, nimelia mpaka Anisia akaniinua, na hakuna anayenijibu. Alikuja mwenyewe mpaka dirishani kwangu kulisikia neno hilo, nami nikamuuliza amefikaje huku.