Goti Alilopiga Mbele ya Simu

"Umeniaibisha! Maelfu ya watu wananiona nimepiga goti, wewe kimya kama hujazaliwa!"

"Goti ulilipiga wapi? Mbele yangu au mbele ya simu?"

"Usinipandishie sauti, mpenzi."

"Nani kaingia hapa anafoka? Mimi au wewe?"

Saluni ilikuwa na mteja mmoja tu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Alijikunyata kwenye kiti. "Mimi sipo jamani," akasema. "Endeleeni."

Jamaa aliyeingia akifoka alikuwa mshereheshaji wa harusi. Suti ya bluu imembana, viatu vinang'aa, marashi yalitangulia kuingia kabla yake. Msusi yeye kavaa aproni iliyojaa vipande vya rasta, macho mazito.

Hawa wawili walikutana benki, foleni imegoma, mtandao umekata. Jamaa akashika mwavuli kama maiki, akaanza kumtangaza kila anayefika dirishani: "Mpisheni bwana harusi!" Watu hoi. Msusi alicheka mpaka akapoteza nafasi yake kwenye foleni. Toka siku hiyo, simu asubuhi, simu mchana, "umekula, mama?" "Nimekula, wewe muongeaji."

Shida ni kwamba jamaa alikuwa anarusha kila kitu mtandaoni. Wakila, karusha. Wakinuniana, karusha. Na watu wana midomo bwana! Mara msusi mnene, mara yule wa zamani alikuwa mzuri zaidi. Msusi akawa anasoma maoni mpaka usingizi unakata. Akisuka, mistari ya nywele inaenda kombo. Siku moja akafuta mitandao yote kwenye simu yake.

"Nilikwambia," alisema sasa, sauti imeshuka. "Nilikaa pale pale, nikakwambia napumzika na mitandao, kichwa kitulie. Ukinitaka nipigie au njoo. Ukasema sawa."

"Nilisema sawa?"

"Macho yako kwenye simu."

Jamaa akajikuna shingo. Hakumbuki. Yeye alipiga goti ukumbini, kamera inawaka, akamtaja msusi wake, akamwomba awe mke wake, akairusha, halafu akasubiri. Siku zikapita. Watu wakaanza kumchora vikatuni. Juzi hapo kwenye harusi ya watu, wahuni wa meza ya nyuma wakampigia kelele, "Emsii, kwani kashakujibu?" Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka nao, halafu akaenda kulia chooni. Hilo hakumwambia mtu.

"Si ungenipigia?" msusi akauliza.

"Nilijua umeona. Nikajua ndiyo umenikataa hivyo."

"Sijaona kitu mimi. Nimesikia leo, kwa huyu dada hapa."

"Mimi sipo," mteja akakumbusha.

Msusi akavua aproni. Akamsogelea jamaa, akamnyoosha kola kwa vidole vinavyonuka mafuta ya nywele.

"Basi nipo. Niulize."

Jibu lake msusi lilikuwa ndiyo. Wala hakuwa na haja ya kufikiria.

Jamaa akafungua mdomo. Mtu anayeongea mbele ya ukumbi mzima bila karatasi, leo ulimi mzito. Akafuta viganja kwenye suruali. Halafu akatoa simu, akaiegemeza kwenye kioo.

"Sogea kwenye mwanga, bebi. Tuwafunge midomo mara moja."

Msusi akaiona sura yake mle ndani ya simu, ndogo, macho mekundu.

"Zima hiyo."

"Dakika moja tu. Wakikusikia unakubali, mimi nimepona."

"Na mimi?"

"Wewe si utakuwa mke wangu?"

"Mke wako, au wao?"

"Kwani ukisema mbele yao utapungukiwa nini? Unanionea aibu?"

"Nakupenda. Zima simu, uniulize."

Jamaa akamwangalia. Akaiangalia simu. Mteja alikuwa keshaanza kulia chini chini, kasahau kwamba hayupo. Jamaa alinyoosha mkono, msusi akavuta pumzi, akajua inazimwa.

"Sitaweza," jamaa akasema. "Tukiwa wawili tu, nani ataamini kwamba hukunikataa?"

"Wewe."

Jamaa akageukia kioo. Akaichukua simu ikiwa bado inarekodi, akaitia mfukoni.

"Usiende hivyo, baba. Tafadhali."

Jamaa akasimama kidogo, kampa mgongo. Halafu akatoka, akaufunga mlango taratibu.