Sarafu Haifiki Mapafuni

Mama mkwe wangu, Tukinem, amepika sukari ya mnazi kwa miaka arobaini. Baba mkwe hugema utomvu alfajiri, naye huuchemsha kwa kuni mpaka ugande. Jiko lake halikuwa na dirisha. Moshi ulijaa tele, na kikohozi hakikumwacha.

"Mama, pumzika kidogo."

"Nipumzike, sukari uipike wewe? Juzi si uliiunguza!"

Mdomo huo! Lakini kijijini kwetu hakuna wa kumfikia kwa kazi, na mimi namhusudu.

Msimu wa mvua homa ikampanda. Akawa anahema.

"Upepo umeniingia," alisema. "Funga madirisha ya chumba. Leta sarafu na mafuta."

Kwetu homa husemwa ni upepo ulioingia mwilini, na dawa yake ni kukwanguliwa ngozi kwa sarafu yenye mafuta ili utoke. Nikamkwangua mgongo kwa sarafu mpaka ukawa na michirizi myekundu. Kesho yake hata kusema alishindwa. Niliogopa, nikamkimbilia Ratmi, mhudumu wa afya wa kijiji.

Ratmi alikitazama kifua chake, akahesabu. "Pumzi thelathini na nne kwa dakika! Zikifika thelathini ni hatari. Hospitali, sasa hivi!"

"Ni upepo tu," Mama alinong'ona.

"Bibi, sarafu inaishia kwenye ngozi. Ugonjwa uko mapafuni."

Ilikuwa nimonia. Alitiwa oksijeni na dawa, akapona. Ratmi akatueleza, "Moshi umeyachakaza mapafu yake. Hayawi mapya tena, ila yanalindika. Mzee wa namna hii nimonia humwangusha upesi. Mkiona homa, kuhema, au makohozi yamebadilika rangi, msingoje. Avute kila siku dawa ya mapafu aliyopewa hospitali, achanjwe, na moshi utoke jikoni."

Mama aligeukia ukutani. Nikadhani amekataa. Kumbe! Mwezi uliofuata nilimkuta na panga, anautoboa ukuta wa mianzi wa jiko, anapumzika, anaendelea. Baba mkwe akaweka bomba la moshi. Siku ya chanjo Mama alitangulia, akiwakokota wazee wenzake wawili. Mwanamke huyo, jamani!

Jana jirani yetu, Mzee Karsono, alikuja akitetemeka kwa homa, sarafu mkononi.

"Tukinem, nikwangue. Upepo umeniingia."

Mama aliichukua sarafu, akaitia mfukoni. "Kaa. Vua shati. Na unyamaze, utanipotezea hesabu."

Akahesabu dakika nzima, midomo ikicheza. Kisha akanigeukia.

"Thelathini na moja. Mwanangu, mkimbilie Ratmi!"