Kitambaa cha Kijani Juu ya Kamba

Soko la samaki la Ragusa lilikuwa limejaa hadi kwenye ngazi za bandari, Pervo, mwandishi wa Baraza la Mji, alipojikwaa kwenye kikapu cha dagaa na kumwaga wino juu ya bendera nyeupe aliyobeba Slavusa.

"Wewe! Huna macho?" Slavusa alifoka. Alikuwa fundi wa bendera za mji, kama marehemu mama yake. Gauni lake lilikuwa la rangi ya tini, mikono imekunjwa hadi viwikoni. "Hii inapanda langoni leo! Amalfi watasema tumewatukana!"

"Samahani, bibie. Waambie pweza amewasalimia."

Slavusa alitaka kukasirika, akacheka. Bendera ikapanda hivyo hivyo, doa likiwa limefichwa kwenye pindo.

Miaka ile miji ya Amalfi na Palermo iligombania bahari, na Ragusa, iliyobanwa katikati, iliishi kwa kubadilisha marafiki. Rafiki akibadilika, bendera ya langoni nayo hubadilika: nyeupe kwa Amalfi, kijani kwa Palermo.

Wakati wa mavuno ya zabibu, Pervo na Slavusa walikuwa hawaachani. Jumatano moja, wakila mkate na zeituni ukutani, Pervo alimnong'oneza, "Usimwambie mtu, kipenzi. Jumapili Baraza linaapa urafiki na Palermo."

"Nimwambie nani? Mimi ni kaburi."

Kweli, hakumwambia mtu. Lakini mwaka uliopita kazi ya bendera ilikwenda kwa Gruba, fundi wa mtaa wa pili, aliyekuwa na kitambaa tayari. Slavusa aliapa halitatokea tena. Alhamisi akachemsha rangi. Ijumaa asubuhi akaanika kitambaa cha kijani kwenye kamba iliyovuka barabara, kama alivyoanika kila kitu maisha yake yote. Hakufikiri.

Balozi wa Amalfi alipita chini yake. Tone la kijani likamwangukia kwenye kofia. Akainua macho, akatazama kwa muda mrefu.

Kabla ya saa nne, merikebu sita za Amalfi ziliziba mlango wa bandari. Baraza likaogopa, likaapa upya kwa Amalfi, kisha likatafuta msaliti.

Askari walimfikia Slavusa kwanza. Alificha mikono chini ya aproni.

"Ni mapazia ya harusi," alisema.

"Kaagiza nani?"

"Mgeni tu."

Kwa heshima ya mama yake, walimwamini. Wakamkamata Pervo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika siri za Baraza. Walimfunga kwenye nguzo ya mawe uwanjani asimame hadi jua kuzama, kisha afukuzwe mjini maisha yake yote. Alipoulizwa alimwambia nani, alikataa kumtaja mtu.

Slavusa alipita mara ya kwanza, kichwa chini. Pervo alimtabasamia. Alipopita mara ya pili, Pervo alikuwa ameshasikia habari za kitambaa. Aligeuza uso.

"Mwenzio anaungua na jua, na wewe unanunua dagaa?" muuza samaki mmoja alimuuliza.

Slavusa aliweka kikapu chini, akaenda hadi kwenye nguzo.

"Amalfi walikuahidi nini?" Pervo aliuliza bila kumtazama.

"Hawakuniahidi kitu. Nilimwogopa Gruba."

"Gruba?"

"Asinipokonye bendera. Nimekuacha hapa tangu asubuhi kwa ajili ya bendera, Pervo. Nikasema ni mapazia."

Akageukia watu, akatoa mikono chini ya aproni. Ilikuwa ya kijani hadi viwikoni.

"Ni mimi!" alisema, sauti ikikatika. "Mimi ndiye niliyeanika!"

Alingoja mawe. Hakuna aliyerusha, Gruba tu alicheka, na kicheko kile kilimuuma kuliko jiwe. Askari walimfunga upande wa pili wa nguzo, kwa adhabu ile ile.

Walisimama wamepeana migongo hadi vivuli vikarefuka.

"Rangi hiyo hutoka lini?" Pervo aliuliza hatimaye.

"Mwezi. Labda zaidi."

"Basi tuoane kabla haijatoka."

"Kanisa gani litatupokea?"

"La kwanza tutakalolikuta njiani."

"Watu watanicheka."

"Watakucheka sana. Hata mimi nitacheka kidogo."

Slavusa alilia, asiweze kujifuta. Kidole cha Pervo kikatafuta chake nyuma ya nguzo, kikakipata.

Jua lilipozama walitolewa kupitia langoni, chini ya bendera nyeupe. Upepo ulikuwa umelifungua pindo, na doa la wino lilionekana wazi. Pervo alimwonyesha. Slavusa hakuinua macho, ila hakuuachia mkono wa Pervo.